Miaka Kumi ya Nafuu

Mwaka 1966 madaktari wa Marekani walianza kuwapa wanaume homoni ya kike. Wanaume hao walikuwa na umri wa miaka 30 hadi 64, wote wameshapatwa na mshtuko wa moyo na kunusurika. Homoni yenyewe ilitoka mahali ambapo wengi wao wasingependa kupafikiria: mkojo wa farasi wenye mimba. Hoja ya madaktari ilikuwa nyepesi. Wanawake wa makamo hawafi kwa moyo kama waume zao. Walicho nacho wanawake na waume zao hawana ni estrojeni. Basi, wanaume nao wapewe estrojeni.

Utafiti huo, ulioitwa Coronary Drug Project, uliandikisha wanaume 8,341 na kupima dawa kadhaa dhidi ya kidonge kisicho na dawa ndani. Waliopangiwa estrojeni walianza kuota matiti na kupoteza hamu ya tendo la ndoa, mambo ambayo pengine yangevumilika kama mioyo ingepona. Haikupona. Dozi kubwa ilisimamishwa mwaka 1970, kwa kuwa waliokuwa wakiimeza walipata mishtuko mipya ya moyo mingi zaidi kuliko wenzao waliopewa kidonge kitupu. Dozi ndogo ikafuata mwaka 1973.

Dawa ile ilikosea, lakini kilichowafanya madaktari waifikirie kilikuwa kweli. Mafuta ya damu ya mwanamke si sawa na ya mwanamume, na tofauti hiyo haitulii mahali pamoja. Huja na balehe, hukaa miaka, kisha hupwa kama maji ya bahari, na ufuo unaobaki wazi ndipo mambo yanapoharibika.

Lehemu, ambayo karatasi ya maabara huiandika kolesteroli, si sumu. Mwili huitengeneza wenyewe, hasa kwenye ini, na bila hiyo hakuna ukuta wa seli, hakuna nyongo, wala hakuna hizo homoni za kike na za kiume, kwa kuwa zote huundwa kutokana nayo. Tatizo ni usafiri. Mafuta hayachanganyiki na maji, na sehemu kubwa ya damu ni maji, kwa hiyo lehemu husafiri ikiwa imefungwa ndani ya vifurushi vya mafuta na protini. Vifurushi vya LDL huisambaza mwilini. Vikizidi, hupenya kwenye kuta za mishipa na kubaki humo. Vya HDL huzoa masalio na kuyarudisha kwenye ini. Hapo ndipo watu walipopata majina ya lehemu mbaya na lehemu nzuri, ingawa lehemu ni ile ile na kinachotofautiana ni gari. Karatasi ya maabara huwa pia na trigliseridi, mafuta ya akiba ambayo hupenda kupanda kwa mtu mwenye kitambi, mnywaji wa pombe, au anayekula sukari na wanga kupita kiasi.

Mtoto mchanga huzaliwa na lehemu ndogo ajabu, chini ya milimoli 2 kwa lita ya damu. Hupanda haraka katika miaka miwili ya kwanza, na baada ya hapo mvulana na msichana huenda pamoja bila kuachana sana. Kinachowatenganisha ni balehe. Testosteroni inapoingia, HDL ya mvulana hushuka. Ya msichana hubaki karibu palepale. Watu wengi hudhani mwanamke huongezewa kitu kizuri anapopevuka, kumbe mwanamume ndiye hupunguziwa. Pengo hilo, kama milimoli 0.25 kwa lita, huendelea hadi uzeeni.

LDL ina safari yake. Kwa mwanamume hupanda kuanzia miaka ya ishirini na kitu, huendelea hadi karibu miaka 50, kisha hutulia. Kwa mwanamke hupanda polepole zaidi, isipokuwa wakati wa ujauzito, ambapo lehemu huongezeka na trigliseridi zinaweza kufika mara mbili au tatu ya kawaida miezi ya mwisho. Hilo si ugonjwa. Mwili unamlisha mtoto, na kipimo kilichochukuliwa wakati huo hakifai kusomwa kama cha mtu mwingine yeyote.

Kisha hedhi hukoma. Utafiti wa Marekani uitwao SWAN, ulioanza mwaka 1996 na kufuatilia wanawake wa asili mbalimbali, weusi, weupe, Wachina, Wajapani na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ulionyesha jambo ambalo awali lilikuwa likibishaniwa: LDL haipandi kwa sababu ya umri peke yake. Huruka juu ndani ya muda mfupi sana, takriban mwaka mmoja kuzunguka hedhi ya mwisho, na hufanya hivyo kwa wanawake wa asili zote hizo. Baada ya hapo LDL ya mwanamke wa miaka 60 mara nyingi huwa juu kuliko ya mwanamume wa rika lake. Yeye ambaye maisha yake yote alikuwa nyuma sasa ameshampita.

Kwa nini? Jibu lina mizizi Dallas, Texas, ambako Michael Brown na Joseph Goldstein waligundua katika miaka ya 1970 kwamba seli zina vipokezi maalumu, mfano wa mikono inayonyakua LDL kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Ini ndilo lenye mikono mingi zaidi, na estrojeni huliongezea. Estrojeni ikipungua, mikono inapungua, na vifurushi vya LDL vinazunguka kwenye damu muda mrefu zaidi bila wa kuvipokea. Mwanamke anaweza kuwa hajabadilisha hata chembe ya chakula chake na bado akashangaa karatasi ya maabara imebadilika.

Lakini namba ya siku moja haiui mtu. Kinachoharibu mshipa ni miaka. LDL iliyopenya kwenye ukuta humezwa na chembe nyeupe za damu, ambazo huvimba kwa mafuta na kufa mahali hapo, tabaka juu ya tabaka, haba na haba mpaka kibaba kikajaa. Siku utando huo unapopasuka, damu huganda juu yake, na kilichochukua miaka 40 kujengeka huziba mshipa kwa dakika chache.

Kazi hiyo huanza mapema, na hilo lilionekana wakati wa vita vya Korea. Madaktari wa jeshi la Marekani walipasua maiti za wanajeshi 300 waliouawa, wastani wa umri wao miaka 22, wakakuta dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo ya asilimia 77. Ripoti hiyo ya mwaka 1953 iliwashtua wengi waliodhani moyo ni maradhi ya wazee. Maiti zote zilikuwa za wanaume, jambo ambalo litajitokeza tena katika habari hii zaidi ya mara moja.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka kwa familia zinazorithi LDL ya juu sana tangu kuzaliwa. Hali hiyo humpata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300, na wengi wao hawajui. Kabla ya dawa za kisasa, takriban nusu ya wanaume wenye hali hiyo walikuwa wamepata ugonjwa wa mishipa ya moyo wakifika miaka 50. Dada zao, wenye kasoro ile ile ya kurithi na LDL ya juu vilevile, walifika miaka 60 na waliougua walikuwa kama asilimia 30. Hapo unaona vitu viwili kwa pamoja. Kuwa mwanamke kunasaidia kweli. Na msaada huo hauwezi kushindana na lehemu iliyojaa tangu utotoni, unachelewesha tu.

Mji mdogo wa Framingham, karibu na Boston, ndio uliopima ucheleweshaji huo. Mwaka 1948 watafiti waliwaomba wakazi wakubali kupimwa kila baada ya miaka miwili kwa maisha yao yote, na watu 5,209 wakaitika. La ajabu kwa zama zile, zaidi ya nusu, 2,873, walikuwa wanawake. Baada ya miaka 24 ya kuwafuatilia, hakukuwa na hata mwanamke mmoja ambaye bado alikuwa akipata hedhi aliyepatwa na mshtuko wa moyo au kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Waliokoma hedhi walianza kuugua, wakiwa nyuma ya wanaume kwa kiasi cha miaka kumi.

Miaka kumi ya nafuu. Ni mingi, na imeokoa akina mama wengi wakalea watoto wao. Shida ni jinsi watu walivyoitafsiri. Mwaka 1964 chama cha moyo cha jimbo la Oregon kiliandaa mkutano wake wa kwanza wa wanawake kuhusu ugonjwa wa moyo, na ukaitwa "Moyo na Waume". Wanawake walioalikwa hawakufundishwa habari za mioyo yao. Walifundishwa namna ya kumpikia na kumtunza bwana ili asife mapema.

Mtazamo huo uliingia mpaka kwenye sayansi. Utafiti mkubwa wa MRFIT wa miaka ya 1970, uliojaribu kupunguza lehemu, presha na sigara kwa pamoja, ulikuwa na watu 12,866, na hapakuwa na mwanamke. Utafiti uliothibitisha mwaka 1989 kwamba aspirini hupunguza mshtuko wa moyo ulifanywa kwa madaktari 22,071, wote wanaume. Miaka 16 baadaye wanawake karibu 40,000 walipopimwa kwa aspirini, matokeo hayakufanana: mshtuko wa moyo kwa ujumla haukupungua, kiharusi ndicho kilichopungua. Kumbe muda wote huo wanawake walikuwa wakimezeshwa hesabu ya wanaume.

Afrika Mashariki imo katika historia hii, na mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1959 A. G. Shaper, daktari aliyekuwa Kampala, alichapisha pamoja na K. W. Jones ripoti juu ya lehemu, chakula na moyo nchini Uganda. Miongoni mwa Waafrika, waliandika, ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo kabisa, na maiti zilizopasuliwa zilithibitisha hivyo. Miongoni mwa Waasia wa Uganda ile ile ulikuwa tatizo kubwa. Miaka mitano baadaye George Mann na wenzake walitoa habari za Wamasai wa Tanganyika: wanaume 400, wanaoishi kwa maziwa na nyama, na bado lehemu yao ilikuwa chini na mioyo yao mizima. Mabishano kuhusu sababu, kama ni kutembea mwendo mrefu, urithi au kitu kingine, hayajaisha hadi leo. Mahali ambapo ugonjwa wenyewe ni adimu kiasi hicho, swali la nani anatangulia, mume au mke, halina hata nafasi ya kuulizwa. Shaper mwenyewe alihamia Uingereza na kuanzisha utafiti mashuhuri wa moyo katika miji 24. Alichukua watu 7,735. Wote wanaume.

Kampala ya leo si ya mwaka 1959, wala Dar es Salaam. Kazi ya kukaa, chipsi za kukaangwa, soda na daladala vimefanya kazi yake, na katika miji yetu wanawake ndio wanaoongoza kwa unene. Kwa mwanamke hilo lina uzito wa pekee. Kabla ya hedhi kukoma mafuta hupendelea nyonga na mapaja, ambako hayana madhara makubwa. Baadaye huhamia tumboni, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayopandisha trigliseridi na kushusha HDL. Uswahilini kitambi cha mama wa miaka 55 bado huhesabiwa kuwa dalili ya kutunzwa vizuri.

Sukari ni mbaya zaidi. Kwa mwanamume, kisukari huongeza hatari ya moyo. Kwa mwanamke huiongeza zaidi: uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha watu zaidi ya 850,000 ulikuta ongezeko hilo ni kubwa kwa wanawake kwa asilimia 44 kuliko kwa wanaume. Mwanamke mwenye kisukari, hata kama bado anapata hedhi, asiihesabu ile miaka kumi. Kwa kiasi kikubwa ameshanyang'anywa. Sigara nayo humuumiza moyo mwanamke zaidi kuliko mwanamume anayevuta. Kifafa cha mimba, ambacho wengi hukichukulia kuwa kimekwisha mtoto anapozaliwa, huacha alama: aliyewahi kukipata, au kupata presha yenye protini kwenye mkojo kabla hakijalipuka, ana hatari ya ugonjwa wa moyo kama mara mbili ya mwenzake miaka mingi baadaye. Na anayekoma hedhi kabla ya miaka 40, au kuondolewa ovari zote mbili akiwa kijana, huanza mbio za LDL mapema.

Basi, si mwanamke arudishiwe tu estrojeni? Ndivyo madaktari walivyofanya kwa miongo. Mamilioni ya wanawake waliokwisha kukoma hedhi walimeza vidonge vya homoni, wengi wakiamini vinalinda moyo. Mafuta ya damu yalionyesha hivyo hasa: LDL ilishuka, HDL ikapanda. Mwaka 1998 utafiti wa HERS, wenye wanawake 2,763 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo, haukuona faida yoyote, na mwaka wa kwanza waliomeza homoni waliugua zaidi. Mwezi Julai 2002 utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 16,608 wazima, ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Kwa kila wanawake 10,000 waliomeza estrojeni pamoja na homoni ya pili kwa mwaka mmoja, kulikuwa na wagonjwa 7 zaidi wa moyo, 8 zaidi wa kiharusi na 8 zaidi wa saratani ya matiti.

Karatasi ya maabara ilipendeza, mshipa haukupendezwa. Estrojeni inayomezwa hupita kwanza kwenye ini, na ini hujibu kwa kutengeneza pia vitu vinavyogandisha damu. Isitoshe, wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Mishipa yao ilikuwa imeshaanza kujaa. Uchambuzi wa baadaye uliashiria kwamba walioanza homoni karibu na kukoma kwa hedhi hawakudhurika moyo namna ile, na leo madaktari huitoa kwa ajili ya joto la ghafla na usiku wa kutolala, bila kuiita dawa ya moyo. Wale wanaume wa mwaka 1966 walikuwa wameshatoa onyo hilo kwa miili yao, miaka 30 kabla. Halikusikika, labda kwa sababu wao walikuwa wanaume.

Dawa iliyofaulu ilitoka kwenye kuvu. Mjapani Akira Endo aliipata statini ya kwanza mwaka 1973, na kazi yake ni kupunguza lehemu inayotengenezwa na ini, hivyo ini likalazimika kuongeza mikono ile ile ya Brown na Goldstein. Utafiti wa kwanza mkubwa, wa mwaka 1994, ulikuwa na wagonjwa 4,444 na wanawake humo 827 tu, kwa hiyo kwa miaka mingi watu waliuliza kama statini inamfaa mwanamke. Mwaka 2015 watafiti waliunganisha tafiti 27 zenye watu 174,000. Kila LDL iliposhuka kwa milimoli 1, mishtuko ya moyo, viharusi na upasuaji wa mishipa vilipungua kwa takriban moja ya tano, na kwa watu wenye hatari inayolingana, jinsia haikubadilisha jibu. Kwa mjamzito, dawa hii kwa kawaida huachwa.

Umri nao una mtego wake. Mwaka 2007 uchambuzi wa watu karibu 900,000 ulionyesha kwamba lehemu ikiwa chini kwa milimoli 1, vifo vya moyo huwa pungufu kwa nusu kwa mtu wa miaka ya arobaini, kwa theluthi kati ya 50 na 69, na kwa moja ya sita tu akiwa na 70 hadi 89. Wapo wanaosoma hapo kwamba mzee hana haja ya kuhangaika. Lakini wazee ndio wanaokufa kwa moyo kwa wingi, na moja ya sita ya wengi ni watu wengi. Pia lehemu ya mzee huweza kuwa chini kwa sababu anaumwa kitu kingine, ini au saratani, wala si kwa sababu mishipa yake ni safi.

Lehemu ya taifa zima inaweza kushuka bila kidonge. Mwaka 1987 serikali ya Mauritius ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu yanayouzwa kwa wananchi, kutoka yenye mawese mengi kwenda ya soya. Miaka mitano baadaye wastani wa lehemu ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita.

Siku ya mshtuko wenyewe ikifika, mwanamume mara nyingi hushika kifua. Mwanamke naye kwa kawaida huumwa kifua, lakini zaidi ya mwanamume huweza kuongeza kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo, kuishiwa pumzi, au uchovu usio na sababu. Nyumbani kwetu hayo hupewa jina la gesi au vidonda vya tumbo, na mama hupewa maji ya moto na tangawizi.

Shirika la Afya Duniani lina chati za kukadiria hatari ya mtu kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi ijayo, zilizotolewa mwaka 2019 kwa kanda 21 za dunia, Afrika Mashariki ikiwa na yake. Upande mmoja ni wa wanaume, mwingine wa wanawake. Mhudumu hutafuta umri, kati ya 40 na 74, kisha presha, sigara, kisukari na lehemu, na kidole kinatua kwenye kisanduku cha kijani, njano, chungwa au nyekundu. Kwa zahanati isiyo na maabara ipo chati nyingine inayotumia uzito na urefu badala ya lehemu. Lehemu ile ile ya 6, kwa mama wa miaka 42 asiye na presha, huangukia kijani. Mpe miaka 70 na presha ya 160, rangi si ile tena. Lakini hakuna safu ya mwaka ambao hedhi ilikoma, wala ya kifafa cha mimba cha mtoto wa pili. Hayo muuguzi huyauliza kwa mdomo, akikumbuka.